Jiwe Kwenye Usukani

Juzi nilikuwa Lushoto mjini, nimekaa kwenye benchi la dukani nasubiri gari la kurudi nyumbani, kijana mmoja anayekodisha baiskeli kwa wageni akaanza kunieleza kwamba baiskeli nzuri ni ile nyepesi. Hata sikumuuliza. Aliinyanyua moja kwa vidole viwili akaipitisha mbele ya uso wangu. "Bibi, hebu ishike uone. Ukiwa na nyepesi, mlima wote unakuwa tambarare."

Nikamwambia kama mlima ungekuwa unalala kwa ajili ya baiskeli, wazazi wetu wasingekuwa wanalia na magoti. Akacheka, akadhani namtania. Sikuwa namtania. Maneno hayohayo nimeshayasikia nikiwa kijana, kutoka kwa mdogo wangu wa kiume, tumbo moja ziwa moja, na yalikaribia kuninyang'anya shamba. Tangu hapo mtu akinisifia baiskeli nyepesi, damu inanichemka.

Shamba lenyewe halikuwa shamba la kutisha. Zilikuwa ngazi tatu tu za udongo mweusi chini ya barabara ya kwetu, pale kwenye kona kali, huku juu yake barabara na chini kabisa mto. Baba alinipa nilipoachika. Nilirudi kwa wazazi na mtoto wa kike mgongoni na masufuria yangu, na kwetu binti aliyerudi huwa anakaa kwa kunyamaza, anapika, anafua, anangoja kuposwa tena. Mimi kunyamaza sikujaliwa. Nilimwambia baba nataka pa kulima. Akanipeleka kwenye kona, akasimama na mdogo wangu akiwa shahidi, akasema: "Hapa ni pako maadamu unapalima. Pakilala msimu mmoja, panarudi kwa mdogo wako." Ndiyo yalikuwa masharti yake, na baba hakuwa mtu wa kubadilisha neno. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli alikuwa anazunguka mashamba yake yote na fimbo, anachoma udongo, anaangalia kina, anatoa hukumu.

Basi nikalima. Kabichi, karoti, hoho. Nilipanda majani ya guatemala kwenye kingo za ngazi ili udongo usishuke, nikabeba samadi kwa kichwa. Asubuhi nilikuwa nachukua baiskeli ya baba, ile nyeusi ya Kichina, nzito mpaka mtu mmoja haiweki stendi bila kuguna, naifunga gunia nyuma, naisukuma hadi kwenye magari ya mboga. Wanaume njiani walikuwa wananiangalia mara mbili. Waangalie. Mwanangu alikuwa anakula, anavaa, na hakuna aliyeniuliza chumvi imetoka wapi.

Miaka hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Foleni za sukari zilikwisha, sabuni ikawa ya kuchagua, na mitumba ikapanda mlimani: makoti, redio, viatu vya kushoto bila vya kulia, na mwishowe, Mungu ninusuru, BMX. Mdogo wangu alipata ya kwake kwa mchuuzi wa Mombo. Ilikuwa nyekundu, magurudumu madogo kama ya kitoto, usukani umefungwa sponji. Aliingia nayo uani akiwa ameibeba begani kama mtu aliyetoka kuwinda.

"Shikamoo dada. Inua uone."

"Marahaba. Niinue ya nini? Keria yake iko wapi?"

"BMX haina keria, dada."

"Sasa inabeba nini?"

"Inanibeba mimi."

Loo! Mwanamume mzima, ndevu zimeanza kutokeza, amenunua chombo cha kujibeba mwenyewe, na miguu anayo.

Lakini haikumtosha hata hivyo ilivyokuwa. Yeye na wenzake wawili waliokuwa nazo walishikwa na ugonjwa wa wepesi. Pale kijijini palikuwa na ghala la ushirika, na ndani yake mizani ya kupimia kahawa ambayo siku hizo ilikuwa inapima vumbi tu, kwa sababu kahawa yenyewe watu walikuwa wameanza kuing'oa wapande mboga. Wakaigeuza kuwa mizani ya baiskeli. Kila jioni wananing'iniza BMX kwenye ndoano, wanakodoa macho kwenye sindano. Mdogo wangu akaanza kuvua vitu. Akatoa madigadi. Akatoa stendi. Akatoa kengele, kengele yenyewe kama kisoda! Akamaliza na breki, ya mbele na ya nyuma, akasema breki ni chuma cha bure wakati ana kandambili. Na kweli alikuwa anafunga breki kwa kukandamiza soli kwenye tairi la nyuma, mpaka nyumba nzima ikawa inanuka mpira.

"Unatoka Usambara au unatoka uwanja wa mpira?" nilimwuliza. "Huku ni kushuka na kupanda. Breki unatoa, utasimama na nini?"

"Dada, wewe umezoea punda. Hii ni swala."

Punda alikuwa anamaanisha baiskeli ya baba, iliyomlisha. Nilimrushia mwiko. Haukumpata.

Sasa kusema kweli, hata kama inaniuma, ile baiskeli ikiwa tupu ilikuwa inaruka. Siku moja nilimwona akitoka juu kwenye kilima cha msikiti, akapita kwenye tuta la barabarani, akaondoka ardhini. Kwa kitambo kidogo hakukuwa na kelele yoyote, yeye na chombo chake wako hewani na bonde zima liko chini yao. Alikuwa anapendeza, mshenzi yule. Nilisimama na jembe langu nikasahau kufunga mdomo. Kama angeishia hapo, leo ningekuwa nasema mengine.

Hakuishia hapo. Ikafika siku ya msaragambo. Asiyejua, msaragambo ni kazi ya kijiji: baragumu linapigwa, kila nyumba inatoa mtu, na kabla ya masika tulikuwa tunatengeneza barabara, kwa sababu tusipoitengeneza sisi hakuna mwingine. Kazi kubwa ni matuta. Unainua tuta la udongo na mawe likikatiza barabara kwa mshazari, ili maji ya mvua yakifika hapo yasukumwe pembeni, upande wa mlima, yaingie mtaroni. Mshazari ndiyo siri yote. Tuta likikaa mshazari maji yanatii. Likikaa sawasawa yanajaa nyuma yake kama karai halafu yanapanda, na yanatokea yanapopenda.

Mwaka ule balozi wetu wa nyumba kumi aliwapa vijana wa BMX kipande cha kona. Nilikuwa kwenye makande na wanawake wenzangu, nikawa naona wanavyojituma. Hawakupumzika. Walichota udongo, walishindilia, walilainisha kwa viganja kama wanakandika nyumba. Wazee wakawasifu: "Vijana wa leo mnawasema bure." Baba yangu mwenyewe alimpa mdogo wangu maji ya kunywa kwa mkono wake. Nami, moyo wangu ukaniambia kuna kitu. Tangu lini yule akapenda jembe?

Jua lilipoinama nikajua. Watu wametawanyika, majembe yamewekwa, hao wakatoa baiskeli zao vichakani. Tuta walilojenga lilikuwa refu, limekatiza barabara sawasawa bila mshazari, uso wake laini wa kurukia. Wamechukua jasho la kijiji wakajijengea uwanja wa michezo, na uwanja wenyewe uko juu ya kichwa cha shamba langu.

Nilikwenda pale na jembe nilibomoe. Mdogo wangu akasimama juu yake.

"Dada, usiharibu barabara ya umma."

"Maji yatakwenda wapi hapa? Nionyeshe kwa kidole."

"Mtaroni."

"Mtaro uko kule! Hili limesimama kama mlango! Yatanishukia mimi!"

"Dada, una wasiwasi wa kizee."

Nikamkamata shati. Watu wakatuachanisha, na baba akafika, akaniambia barabara si yangu, kama nina neno nilipeleke kwa balozi. Nikalipeleka. Balozi akasema atakuja kuangalia baada ya sala ya Ijumaa. Nikamwambia mvua haingoji Ijumaa. Akaniambia nina hasira, nikanywe maji. Nilikunywa. Hasira ilibaki palepale.

Mvua ilikuja Jumatano, mchana kweupe, ile mvua ya kwetu inayotanguliwa na ukungu halafu inaangushwa yote kwa pamoja. Nilikimbia hadi kwenye kona na gunia kichwani. Maji yalikuwa yamejaa nyuma ya tuta lao, mekundu, yanazunguka. Nililipiga jembe upande wa mlima nipate kuyafungulia njia, nikapiga, nikapiga, walikuwa wameshindilia vizuri wale mabwana! Yakavuka upande wa pili. Upande wangu. Ngazi ya juu ikaondoka na kabichi zake zote, zinabingirika; ikaangukia ya pili, na ya pili ikaangukia ya tatu. Nilisimama pembeni nikawa napiga kelele peke yangu, namtukana mdogo wangu kwa Kisambaa, matusi ambayo Kiswahili hakina. Mvua ilipokatika palikuwa mwamba na mizizi ya guatemala inaning'inia. Udongo wangu wote ulikuwa kule chini, umelala kando ya mto, mweusi, umetulia.

Baba alikuja na fimbo yake. Akachoma, fimbo ikagonga jiwe. Hakunigombeza na hakunipa pole. Alisema, "Vuli ikifika hapa pakiwa hivi, neno letu unalijua." Nililijua. Ningerudi jikoni kunyamaza, na shamba lingekwenda kwa yule yule aliyelimwaga. Nilitaka kumuuma mtu.

Asubuhi iliyofuata mdogo wangu alinikuta uani. "Shikamoo dada."

Sikuitika. Nyie mnajua maana yake. Shikamoo ya mtu hata ukiwa umemkasirikia unaiitikia, hata kwa pembe ya mdomo, maana ni haki yake. Mimi nilimwangalia machoni na shikamoo yake ikabaki imening'inia hapo, mpaka mama akainamisha kichwa kwenye sufuria. Siku ya pili akaniamkia tena, nikageuka nikaendelea kufagia.

Ijumaa baada ya sala tukakaa barazani kwa balozi. Vijana watatu wameinama, na BMX zao zimelazwa mbele yao kama vidhibiti. Wenzake wakasema hawakujua. Mdogo wangu akajitia utu uzima, akakohoa, akasema, "Mimi naona tusameheane tu. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki."

Nikasimama. "Nani amekuomba maji? Maji nenda nayo. Mimi nataka udongo wangu. Udongo unazoleka, na ule pale kando ya mto, hata hapa unaonekana."

Watu wakaguna. Balozi, ambaye alijua na yeye ana deni la Ijumaa yake ile, akatikisa kichwa. Akahukumu hivi: tuta libomolewe na lijengwe mshazari leo hii, udongo urudishwe wote, na BMX yoyote itakayoonekana inapanda ile kona bila kubeba udongo wa shamba, itafungiwa ghalani kwenye mizani yao, mpaka vuli. Hapo nikamwona mdogo wangu ameshtuka. Udongo haukumwuma. Kufungiwa baiskeli ndiko kulikomchoma, kwa sababu pa kupita ni pale pale, hakuna barabara nyingine.

Wale wenzake walibeba siku chache. Mmoja akapata mjomba wa kumtembelea Korogwe, mwingine akaanza kichomi kisichoisha. Akabaki ndugu yangu. Mwanzoni alikuwa anabeba gunia begani na kuisukuma BMX kwa mkono wa pili, ili ionekane nayo imo kazini. Kutoka mtoni hadi kwenye kona ni mwinuko wa kuuma, njia inazunguka mara mbili. Alikuwa anafika ulimi nje. Mimi nimekaa kwenye jiwe napanga mawe ya kingo, nanyoosha mkono tu: mwaga pale. Sio pale, pale.

Halafu akajaribu kulilaza gunia kwenye fremu. Fremu ndogo, halikai, magoti yanagonga. Akalining'iniza kwenye usukani, usukani ukageuka ukamwangusha. Mwishowe akaenda kwa fundi, akachomelewa keria. BMX yenye keria! Siku ya kwanza aliweka gunia nyuma, akashika usukani, akasukuma, na gurudumu la mbele likanyanyuka, baiskeli ikasimama kwa mguu wa nyuma kama mbuzi anayefuata majani. Kitu chenyewe kilikuwa chepesi mno mbele. Kila akisukuma, kinasimama. Wanawake waliokuwa wanafua mtoni waliacha nguo.

"Swala wako anacheza ngoma!" nilimpigia kelele kutoka juu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na nasema wazi kwamba ilikuwa raha.

Unajua alichofanya? Alitafuta jiwe. Jiwe la mtoni, la ukubwa wa kichwa cha mtoto, akalifunga kwa mpira wa tairi kwenye usukani, mahali ilipokuwa kengele. Mtu aliyetoa kengele kwa sababu ni nzito. Ndipo gurudumu la mbele likatulia, na swala akapanda mlima kama punda yeyote mwenye adabu.

Baada ya hapo vitu vilirudi kimoja kimoja. Kushuka mtoni alikuwa anateremka amepanda, na soli ya kandambili ikaisha, siku moja akaingia kwenye michongoma na kutoka amechanika. Akarudisha breki, ya nyuma kwanza, halafu ya mbele. Watoto na ng'ombe hawampishi, akarudisha kengele, akaifunga pembeni ya jiwe. Matope yakamchafua mgongo, akarudisha madigadi. Stendi akaweka ya chuma nene kwa sababu ya kupakia. Wachokozi wakaipeleka ghalani wakaining'iniza tena kwenye ile ndoano. Sindano ilipita hata pale iliposimama siku walipoipima baiskeli ya baba kwa dhihaka. Kijiji kizima kiliambiwa.

Aliendelea kuniamkia. Kila asubuhi, akipita na gunia la kwanza: "Shikamoo dada." Sikuitika. Mama aliniomba, "Mwanangu, itikia, unamkausha mwenzio." Nikamwambia ngazi ya kwanza haijafika gotini. Watu walianza kuniona mimi ndiye mbaya. Kiangazi chote kile mwanangu alikula kwa kibarua changu cha kupalilia mashamba ya wengine, na hakuna aliyekuja kunipa pole kwa hilo. Lakini yule mkosaji mwenyewe, kwa kuwa anatoka jasho barabarani, kila mtu anamwonea huruma. Ndivyo ilivyo dunia ya wanaume.

Vuli ikakaribia. Nikaweka mawe, nikapanda tena guatemala, nikachanganya samadi. Udongo haukurudi wote, mwingine mto ulishauchukua. Usiku sikulala nikifikiria fimbo ya baba itazama mpaka wapi.

Siku yenyewe alikuja asubuhi, kofia kichwani, akaanza ngazi ya chini. Fimbo ikazama. Ya kati, ikazama. Ya juu, pale maji yalipoanzia, ikazama kidogo ikagota. Akaichomoa, akapima kwa kidole. Akachoma pengine. Kisha akamgeukia mdogo wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika na gunia, amelowa.

"Ngazi hii ya juu haijakaa sawa," baba akasema. "Neno langu lilikuwa kwamba shamba likilala linarudi kwako. Unasemaje?"

Nilishikilia jembe. Nilijua akisema ndiyo, basi kwisha, hakuna balozi wa kumkatia rufaa baba.

Mdogo wangu alifungua kamba, akamimina gunia taratibu kwenye ngazi ya juu, akausambaza udongo kwa mguu. Akajifuta uso.

"Baba, mimi hili shamba silitaki. Hata ukinipa bure. Lote hili limepita mgongoni kwangu, najua uzito wake. Kama mtu anaweza kulilima pamoja na uzito huu wote, mwache alilime."

Baba akamwangalia, akaniangalia mimi, akachukua fimbo yake akaenda shamba la migomba bila kusema neno. Kwa baba, hiyo ndiyo ilikuwa hati.

Nikainama nikaanza kuchimba mashimo ya miche.

Kesho yake asubuhi na mapema nilikuwa tayari kwenye ngazi ya juu. Nilisikia kengele ikilia kwenye kona, halafu nikaliona lile jiwe kwenye usukani, halafu yeye. Gunia nyuma, hakuna aliyemtuma.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," nikamwambia. "Mwaga hapa, halafu kalete jingine. Pale pembeni bado pamebonyea."